Achia Mkono

Zahanati ya Igombe, wodi ya wazazi, vitanda vitatu,
cha tatu kimeegemezwa tofali.
Nilikuwa na miezi miwili tu ya mafunzo
na fetoskopu ya mbao, pembe ndogo
iliyong'arishwa na masikio ya walionitangulia.

Sista Leokadia hakupenda maneno mengi.
"Tafuta mgongo kwanza," alisema.
"Mtoto hasikiki usoni. Husikika mgongoni."
Nikamkumbuka yule aliyefichwa katika ufa wa mwamba,
utukufu ukampita, akaambulia mgongo.
Nami mzaliwa wa Mabatini, mtoto wa mawe juu ya mawe,
nikalipapasa tumbo la Nyanjige
kama mtu anayetafuta swichi gizani
katika nyumba ya ugenini.

Nikainama. Nikasikia!
Du, du, du, mzito, wa kujiamini.
"Yu hai, Sista! Namsikia!"
Hakutabasamu.
"Shika kifundo cha mkono wa mama. Haya, sasa chako."
Ilikuwa damu yangu mwenyewe
ikibisha mlangoni mwa sikio langu,
nami nimeshaifungulia kwa vigelegele.

Wiki ile ile Mwinjilisti Obadia Magesa
alinifuata baada ya mkesha, shati limelowa jasho:
"Dada Milembe, Mungu amenionyesha.
Wewe ni mke wangu."
Nikafunga siku tatu. Jioni ya tatu nikapanda jiwe
nyuma ya zahanati, juu ya vichanja vya dagaa,
nikauliza, na jibu likaja upesi:
ndi-yo, ndi-yo, ndi-yo,
kifuani, shingoni, hadi kwenye ncha za vidole.
(Ana sauti nzuri, Obadia. Na meno.)

"Rudia," alisema Sista.
"Na ukishaiweka pembe, achia mkono.
Ukiishikilia utausikia mkono wako."

Nikaachia. Sikio tu, na mbao, na ngozi.
Nje, jenereta ya mwaloni,
makorongo wakikwaruza bati,
spika za mkutano wa injili zikimkemea mtu kwa jina,
ziwa na mawe katika ugomvi wao wa siku zote.
Nikasikiliza hadi shingo ikauma.
Hakuna. Hakuna.
Nyanjige akanitazama kwa macho ambayo sitayaandika.

Kisha, chini ya hakuna,
kama cherehani nyumba ya pili, usiku,
mtu anamalizia sare ya shule ya mwanawe:
nyepesi, ya haraka,
isiyonijua,
isiyofuata mapigo yangu wala ya mama yake.
Mia moja thelathini na sita kwa dakika.
Nilihesabu mara mbili kwa sababu nilikuwa nalia.

Usiku nikarudi kwenye jiwe.
Nikauliza tena, safari hii
nimeshika kifundo cha mkono wangu.
Ndi-yo, ndi-yo. Themanini na nane.
Nikacheka peke yangu, kicheko cha aliyekutwa
akijiandikia barua na kujibandikia stempu.
Nikaachia. Ombi lenyewe nikaliachia,
likabaki juu ya jiwe kama ndoo iliyosahauliwa.
Nikangoja. Mbu wakanila.
Kuhusu Obadia sikuambiwa kitu.
Hata leo.

Kilichokuja kilikuwa kidogo.
Hakikunisifu, hakikunitisha,
wala hakikujali kwamba nilikuwa katika maombi mazito:
Nyanjige hajanywa uji.

Nikateremka. Kweli, hajanywa.
Ndugu zake wamekwama Ukerewe, kivuko kibovu.
Nikawasha jiko la mkaa, nikapuliza, nikakoroga,
na mwiko ukiwa mkono wa kulia
nikajipima tena, kwa mazoea tu.
Damu yangu ilikuwa ikigonga
habari zake nyingine kabisa.