Moto Bila Moto

Huku Bukavu pikipiki huitwa moto,
basi asubuhi ile nilikuwa na moto usio na moto,
tena katika mtaa unaoitwa Essence, tangi limejaa,
na watu wakapata cha kuchekea kabla ya chai.

Nilipiga kiki mpaka kiatu kikanitoka.
Ni AG ya zamani, ya baba mdogo Zihalirwa,
aliyebeba chanjo ndani ya kisanduku cha barafu
mpaka Walungu, mpaka Nyangezi, miaka kumi na tisa,
na kila jioni akaiegesha usukani umekunjwa kushoto
kama mtu aliyezoea kulalia ubavu mmoja.

Kila mpita njia ana shahada ya ufundi.
"Mafuta iko na maji."
"Hapana, ni karburateri."
"Uza."
Mama wa sambaza hakusema kitu. Alisogeza beseni lake
mbali na moshi ambao haukuwepo.

Tukaisukuma. Bukavu ni bahili wa tambarare
lakini mteremko inao wa kugawa.
Gia ya pili, nikaachia klachi,
ikapiga chafya moja,
moja tu,
ikanyamaza kama mdaiwa aliyesikia hodi.

Nsimire alikuja na funguo tatu na kitambaa.
"Ilikohoa?"
"Mara moja. Ikiteremka."
"Basi haijakufa. Maiti haipigi chafya."

Akafungua buji: nyeusi, imelowa, inanuka petroli.
Chakula kiko chunguni, jiko ndilo halijawashwa.
Akaisugua kwa msasa, akailaza juu ya injini,
chuma kwa chuma, akanionyesha kwa kidevu: piga.
Tukainamisha vichwa, watu wazima sita,
kutazama pengo jembamba kuliko ukucha wa kichanga,
tukingojea buluu.
Giza.

Akakata ncha ya waya mnene, akaurudisha. Giza.
Akafungua kifuniko cha ubavuni, akazungusha sumaku polepole,
akapima platini kwa kadi ya unite iliyokwisha kukwanguliwa:
inapita, inabana kidogo, ndivyo itakiwavyo.
Akapangusa. Giza.
Mimi nimeshaanza kuhesabu pesa ya bobini mpya,
pesa ambayo sina.

Mvua ikatuma matone matatu kwanza, ya kuonya.
Nikashika usukani niivutie chini ya kibaraza;
usukani ukanyooka,
na kijana mmoja aliyekuwa akichezea kiki
akaikanyaga,
na pale juu ya injini kikaruka kitu,
chembamba, cha buluu, chenye sauti kama jino linalovunja karanga.

Tulinyamaza sote.
"Rudisha kushoto," akasema Nsimire. "Piga."
Giza.
"Kulia."
Cheche.
"Kushoto tena."
Giza, na yeye akacheka
kama aliyemkuta paka na mkia wa samaki mdomoni.

Chini ya shingo ya usukani, waya wa swichi ya kuzimia
umelika ngozi mahali pamoja tu, shaba uchi,
na kila ukikunja kushoto unagusa chasi
na kuiambia injini: lala.
Injini ilikuwa inatii.
Sisi tuliiita mbovu, kumbe ilikuwa inatii.

Nikafikiria mkono wa baba mdogo,
jioni juu ya jioni, ukikunja upande uleule,
ukisugua kidogo, ukisugua kidogo,
yeye akiwaza ugali, akiwaza watoto wa Nyangezi
waliolia sindano,
hajui kwamba ananiandalia asubuhi.

Nsimire akaufunga kwa kipande cha chemba kuukuu,
akakaza kwa meno.
"Elfu tano."
Nikatoa elfu nne na ahadi.

Kiki moja.
Mama wa sambaza akafunika beseni kwa kanga:
safari hii moshi ulikuwepo.

Kwenye njia panda, kwetu ni kushoto.
Nilibana pumzi,
nikakunja.