Tone la Mwisho

Eladio humimina kama alivyomimina babake:
mkono wa kulia juu ya kichwa, chupa imeinama,
wa kushoto chini pajani, bilauri imelala ubavu,
na macho yako ukutani, kama mtu anayesubiri basi.
Mvinyo wa matufaha unaanguka mita nzima ya hewa,
unajigonga ukingoni, unatoa povu,
nasi tunaugida upesi kabla haujafa.
Ndivyo tusemavyo huku Asturias: mvinyo hufa.

Bilauri ni moja. Imezunguka meza
kwa Belarmino, kwa mama mkwe, kwangu,
ikafika kwa Llara
ikasita.

Miaka kumi na mitano na wiki mbili.
Chunusi kidevuni. Jumatatu ana mtihani wa hesabu.

"Mwacheni aonje," anasema mama mkwe.
"Mimi nilichovyewa mkate humo
kabla sijang'oa jino hata moja,
na nitazameni."
Tunamtazama. Ana miaka themanini na minne,
jino hana hata moja.

Eladio hacheki. Amelifikiria jambo hili,
naona kwa jinsi anavyofuta meza iliyo safi.
"Afadhali hapa, chini ya taa yetu,
kuliko kule mtoni usiku wa Mtakatifu Yohana,
wanakochanganya mvinyo na soda katika mfuko wa plastiki.
Tusipomfunza sisi, watamfunza wale wa pikipiki."

Ana haki. Naichukia haki yake.
Miaka kumi na tisa nimeuza dawa pale kona ya kanisa;
najua Jumapili asubuhi ni mama gani atakuja
kununua vidonge vya kichwa
akisema ni vyake.

Lakini najua pia meza nyingine,
ya baba yangu, kule Bimenes, taa kama hii.
Kaka zangu wawili walifunzwa siku moja,
kwa upole, kwa kipimo, kwa chupa moja.
Arsenio hunywa bilauri tatu, hufunga kizibo,
huenda kukamua ng'ombe.
Sabino tulimtoa mtaroni mwezi wa Februari
na funguo za gari bado mkononi.
Meza ilikuwa moja.
Taa ilikuwa moja.
Samaki walikunjwa wote wangali wabichi;
mmoja akakunjika, mmoja akavunjika,
na hadi leo baba hutazama mikono yake
kana kwamba ndiyo itakayomwambia.

Haya yote sikuyasema.
Nilisema, "Wewe unaonaje?"
nikimuuliza mtoto, kwa woga,
nikijifanya ni heshima.

Llara akaichukua bilauri.
"Mjomba Sabino," akasema, "alianza lini?"

Belarmino akakohoa. Jokofu likanguruma.
"Alikuwa na miaka kama yako," nikajibu. "Nyumbani.
Baba yangu ndiye aliyemmiminia."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa.
Akanywa. Akakunja uso,
akabakiza kidogo, zaidi ya desturi,
akakimwaga kwenye maranda ya mbao sakafuni
kupitia pale pale midomo yake ilipogusa,
ili kuosha ukingo kwa ajili ya anayefuata.
Hilo hatukumfunza.
Alikuwa akitutazama siku zote.

"Chachu," akasema. Akarudi kwenye hesabu zake.

Eladio akaniangalia: unaona?
Sijui niliona nini.

Usiku, wote wamelala,
nimeshuka ghalani bila viatu,
nimewasha tochi ya simu,
nimezihesabu chupa.
Arobaini na moja.
Nimeishi na ghala hili miaka kumi na saba
na sikuwahi kujua idadi.
Nikazihesabu tena,
kutoka upande wa pili.