Zamu ya Nambari Nne

Simu ya kijivu haina salamu.
Saa kumi na mbili u nusu jioni inalia mara moja,
sauti ya waongozaji wa gridi inasema:
Upepo wa kaskazini umelala. Tupeni kumi na mbili.
Megawati, si mikate.

Mafuta yetu hayana haraka.
Mazito kama uji uliosahauliwa sufuriani,
meusi, yananuka lami,
hayatoki tangini mpaka yabembelezwe kwa joto.
Unawasha moto ili upate cha kuwasha.

Nafungua vali ya hewa. Nambari Nne inakohoa,
inakohoa tena, inatikisa chai yangu kikombeni,
kisha inashika.
Achola anasoma sindano: arobaini na tisa nukta sita.
Hamsini ndiyo afya. Chini ya hapo
nchi nzima ina kizunguzungu na haijijui.
Tunasukuma. Nukta saba. Nukta tisa.
"Imetulia," anasema, kama nesi anayevua glavu.

Na hakuna aliyejua.
Pipeline, ghorofa ya saba, mtoto hakuinua kichwa daftarini.
Kinyozi wa South B hakusitisha mashine,
mteja wake hakurudi kwake na nusu ya nywele.
Anayetujua ni Bi Mwikali tu, hapo ng'ambo ya ukuta,
anayeanua shuka zake akituita kwa majina ya wanyama.
Masizi hayana pa kujificha kwenye nguo nyeupe.

Mama yangu yuko Mwingi na ndengu zake.
Mvua ikija, mabwawa ya Tana yanajaa,
maji yanaifanya kazi yangu bila kudai posho,
nami nafagia chini ya injini baridi
kwa mshahara mtupu.
Mvua ikikataa, nakesha hapa, saa za ziada zinanona,
na ndengu zinakauka zikiwa maua.
Kisha namtumia mama pesa za kununua ndengu.
Jumapili nikipiga magoti sijui niombe lipi.
Naanza na amina, nanyamaza.

Nikinunua tokeni, ujumbe unaingia na mistari yake,
na mmoja wao ni gharama ya mafuta.
Mke wangu, Kasiva, huusoma kwa sauti:
"Hapa ndipo walipokuandika, baba Mumo."
Mia moja yetu, thelathini na kitu
imepanda bombani kabla taa haijawaka.

Juzi mama alipiga simu. Nikasikia bati
kabla ya kumsikia yeye.
Alikuwa anapiga kelele, anacheka: "Siku ya tatu! Siku ya tatu!"

Leo Nambari Nne ina usiku wa tisa haijaitwa.
Hita ndogo haizimwi; tunaiweka vuguvugu,
kama chakula cha mtu aliyechelewa.
Naipapasa ubavuni.
Achola anasinzia. Sindano iko hamsini, bila sisi.
Naichukua simu ya kijivu, naifuta vumbi,
nasikiliza kama ingali hai,
nairudisha.