Daftari la Mbio, Ligula

Januari tulikuwa thelathini na mmoja,
raba mpya zikinuka duka.
Februari, saba. Mvua ilituchuja
kama tui.

Mimi ndiye mshika daftari:
naandika nani kafika, nani kasingizia malaria,
na kwenye safu ya pembeni, Wa Mwisho,
Hokororo, Hokororo, jina langu,
hadi wino ukaona haya.

Mfungo ulipoingia tulikimbia baada ya tarawehe,
Ligula hadi Shangani, mbwa wakatuzoea.
Mei, Somoe wa wodi ya wazazi akaacha mbio,
akawa anatembea, mkono kiunoni,
nami nikapata mwenzangu wa nyuma.
Hatukusemezana sana. Pumzi ni mali.

Oktoba korosho zikaita.
Chingwile kaenda Newala, Bakiri Tandahimba,
barabara ikanuka mabibo.
Tukabaki mimi na kocha,
naye alikuja kunifokea tu.
Nikawa wa kwanza na wa mwisho.

Walirudi Desemba, minada mdomoni,
bei ya juu, bei ya chini,
vitambi mbele, miguu imesahau.
Kilima cha Mikindani kikawadaka mmoja mmoja.
Nikawapita. Sikuamini,
nikageuka kuhesabu.

Kule juu Somoe kasimama, kichanga mgongoni,
daftari langu mkononi.
"Wa Mwisho nimwandike nani?"
Nikatazama chini, wanavyopanda, wanavyohema.
Nikamwambia, acha wazi.
Bado wanakuja.