Mizani Pungufu

Mimi ni mpimaji. Shimanzi, ghala namba sita.
Miaka kumi na minne natazama tarakimu nyekundu.
Chai ya Nandi yaingia, ya Kericho yaingia,
pipa lazunguka,
na jioni natia saini: kilichoingia ndicho kilichotoka.
Zikipotea kilo mbili, Mbodze na ufagio wake
hupiga magoti chini ya pipa.
Vumbi nalo hupimwa. Vumbi nalo lina safu yake kitabuni.

Sasa kampuni yetu imechanganywa na ile ya ng'ambo ya barabara.
Tuliletewa keki, nembo mbili juu yake,
na kijana wa makao makuu, viatu havijawahi kuona ghala,
akasema "ufanisi" mara tisa.
Nilihesabu. Ndiyo kazi yangu.

Maghala mawili, wapimaji wawili; wanataka mmoja.
Wapakizi themanini; thelathini wanatosha, wasema.
Barua zilikuja Alhamisi, baada ya chakula.
Mbodze hakuifungua yake.
Aliilaza juu ya mizani yangu,
mizani ikasoma sifuri:
haikuundwa kwa vitu vyepesi hivyo.

Langoni, Mwanasiti wa viazi karai
hakuajiriwa na mtu, basi hana wa kumwachisha.
Ndoo zake tatu zimekuwa moja,
na hiyo moja, Ijumaa, alirudi nayo Chaani imepoa.
Kule Mikindani mwenye nyumba wangu
ameanza kuniita kwa majina yangu yote matatu.

Mwinyikai wa stoo, mtu asiyesema,
alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo:

*Chai mbili huungana, uzito ukakithiri,*
*Vumbi lake twalivuna, likaandikwa vizuri,*
*Majumba yameoana, kwa ngoma na kwa uturi,*
*Mbona mizani yanena*

Basi. Hapo ndipo palipoishia.
Tukasimama tukihesabu kwa vidole, kama watoto wa chuoni.
Nane hazipo.
Meneja akamwita: malizia shairi lako, au libandue.
Mwinyikai akajibu, "Nimelipunguza, bwana. Ni ufanisi."
Tangu siku hiyo kila apitaye hulimalizia kimoyomoyo,
na hakuna wawili waliolimalizia sawa.

Tume ilipokuja kusikiliza, wakili wao alileta chati.
Mimi nilileta kitabu cha ghala, kikinuka majani.
Nikasema: sizuii pipa. Changanyeni.
Ila andikeni kwa wino, kabla ya saini, si baada ya keki:
idadi iliyoingia ndiyo itakayobaki, miaka mitatu, kwa majina;
na akipungua mtu, tuonyeshwe kaandikwa safu gani.
Na Mwanasiti muandikeni, japo pembeni.
Wakili akasema pembeni hakuna nafasi.
Mwenyekiti akauliza kama nina la ziada.
Nyuma yangu Mbodze akasema, "Vumbi."
Wakadhani anakohoa, wakampa maji.

Uamuzi hatujaupata.
Wengine wasema mwezi ujao, wengine wasema umeshapita,
ni sisi tu hatujasomewa.
Jana, pipa limezimwa, wote wameondoka,
nilipanda mizani mwenyewe, na viatu vyangu, na funguo.
Kilo sitini na nne na nusu.
Nimeziandika, safu ya vilivyoingia.
Ile ya pili nimeiacha wazi.