Ufa wa Makusudi

Oulu, Januari. Saa tisa alasiri jua limeshakwenda,
nami nasubiri matone elfu sitini yakauke.

Printa yenyewe ndogo, ya mezani,
ndugu wa ile inayotapika risiti dukani;
ila tumboni mwake hamna wino mweusi,
mna fedha iliyosagwa hata ikasahau kuwa ni fedha.

Mstari wa kwanza uliniharibikia.
Ulikauka kama kahawa sahanini:
katikati kweupe,
mali yote imekimbilia pembeni.
Tuomo akacheka: "Wino wako unaogopa kukaa katikati."
Nikalipoza bamba, nikafuta, nikaanza upya.

Mama yangu Kerttu alipanga herufi za risasi
katika kiwanda cha gazeti, kabla hakijafungwa.
Alisoma kinyumenyume upesi kuliko mimi kwa mbele.
Alijua neno huanza kufa wapi:
si tumboni, ni ukingoni,
pale herufi ilipomomonyoka.

Umeme wa masafa haya nao ndivyo ulivyo.
Kwenye gigahezi kumi haupiti ndani;
hutambaa ngozini, hukumbatia kingo,
hujikwaa kwenye kila jino.
Kwa jicho langu mstari umenyooka.
Kwa wimbi ni ngazi mbovu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta;
basi njoo uone fundi anayeupima ufa kwa hadubini
na kuuacha wazi.
Kati ya mstari na mstari, uwazi
mwembamba kama unywele wa Kerttu uliobaki kwenye kitana.
Tone moja likipotea njia, limeziba, kazi imekwisha.
Uwazi ukizidi, wimbi husimama ng'ambo,
halivuki.

Saa kumi na nusu. Oveni imelia.
Kilichoingia kijivu, kama theluji ya barabarani,
kimetoka kinang'aa; chembe zimekubali kuwa kitu kimoja.
Plastiki inajikunja kiganjani kama ganda la kitunguu.

Nafunga nyaya mbili. Kwenye skrini
mchoro unatambaa chini, chini kabisa,
kisha kilima, palepale nilipokitaka,
karibu.
Kimesogea kushoto, upana wa ukucha.

Tuomo anasema inatosha, twende, theluji inazidi.
Namwambia atangulie.
Nachukua pamba, naipangusa pua ya printa:
katika matundu kumi na sita, moja limeziba.
Mama angelijua kwa kupapasa tu.