Tiketi ya Mlango Wangu

Nyumba ninayopanga Ipuli, chumba cha uani,
mlango wa bluu unaokwama mvua zikianza,
imepigwa picha saa ya jua zuri
ikatiwa kwenye simu za watu:
JISHINDIE NYUMBA TABORA. TIKETI ELFU MBILI TU.

Nikaikuza picha kwa vidole viwili.
Ndoo zangu za asali zimo,
kanga yangu ya njano imo kambani,
nami nimo nusu, kisigino na kandambili,
naingia ndani.
Hakuna aliyeniambia kuwa mimi ni sehemu ya zawadi.

Kasele, mtoto wa mwenye nyumba, ana ulimi wa siagi:
"Hii si kamari, mama. Kamari ina kibali chake.
Sisi tumeweka swali. Penye swali pana ustadi,
na ustadi hauombewi kibali."
Swali lenyewe: Tabora ni mkoa au ni mto?
Hata kuku wangu angepatia
akitupiwa punje mbili.

Nikaenda kwa Luhende, anayechapa hati nje ya mahakama,
miwani yake imefungwa kwa waya.
Akasoma masharti mpaka chini kabisa,
kule herufi zinapogeuka sisimizi.
"Hapa," akasema, akakandamiza ukucha.
Tiketi zisipofika elfu arobaini, nyumba haitoki;
mshindi atapewa fedha
*kadiri mwandaaji atakavyoona inafaa.*

"Ni halali?"
Akafuta miwani muda mrefu.
"Sheria ipo, Kalunde, ila haina miguu.
Inangoja mtu akaibebe.
Nawe ukiibeba, usiku huo utalala wapi?"

Njiani nikapiga hesabu.
Elfu mbili mara elfu arobaini, milioni themanini.
Na nyumba hii madalali waliikataa kwa hamsini:
ukuta wa nyuma una ufa, kiganja kinapita.

Mimi muuza asali, kupima nakujua.
Ningeita watu arobaini kwenye ndoo moja,
kila mmoja atoe bei ya kikombe,
mmoja aibebe, waliobaki walambe vidole vikavu,
soko zima lingeniita nani?
Na ndoo ikibaki kwangu, na fedha nazo?

Mzee Mihambo simlaani.
Mafao yake ya reli yaliishia kwenye figo za marehemu mkewe,
akabaki na kuta zisizonunulika.
Mfa maji haachi kutapatapa.
Ila asitapetape shingoni mwangu.

Wala nisijifanye msafi.
Usiku, taa nimezima, nilinunua moja.
Namba 11906.
Nililala tajiri. Ndotoni nikahamishia kitanda sebuleni,
nikapaka rangi, nikaziba ufa,
nikamfukuza mpangaji wa chumba cha uani
kwa sababu ya ndoo zake na nyuki wanaozifuata.
Nikashtuka, jasho shingoni:
mpangaji yule nilikuwa mimi.

Jumamosi, droo.
Kasele kwenye simu, mubashara, koti na tai,
kumbe yuko chumba cha pili;
sauti yake ilitufikia mara mbili,
kwanza kupitia ukuta, halafu kupitia simu.
Tiketi hazikutimia, akasema mara mbili.
Mshindi ni mtu wa Nzega, mwenye jina moja tu,
amepata milioni tatu. Hongera, hongera.
Mtu huyo hajaonekana hadi leo,
hata Nzega kwenyewe.

Jumatatu mlango wa bluu ukagongwa.
Kodi.
Nikamhesabia elfu arobaini na nane,
na juu yake nikaweka simu yangu,
namba 11906 ikiwaka.
"Zimepungua elfu mbili, mama."

"Hazijapungua," nikamwambia. "Kuna swali kwanza,
tena jepesi, la ustadi:
hizo elfu mbili ziko kwangu
au ziko kwako?"